Fiksi ya bei ya chini: nianze kubadilisha kitu gani?

KijanaWaMori

Wakuu habari za jioni. Naomba mwongozo kwa wenye uzoefu na fiksi, yaani baiskeli za gia moja zisizo na frii: gurudumu la nyuma likizunguka, pedeli nazo zinazunguka, upende usipende.

Yangu nimeinunua mkononi kwa kijana mmoja wa Kijitonyama. Fremu ni ya chuma, nzito, lakini imenyooka na sijaona ufa popote. Rimu ndefu za alumini, milimita 40, rangi nyeupe. Mbele meno 46, nyuma meno 16. Matairi ni 700 kwa 23; la nyuma limelika katikati hadi nyuzi zinaanza kuchungulia. Usukani umenyooka na umekatwa ukawa mfupi. Pedeli za plastiki, hazina mikanda. Breki ni moja tu, ya nyuma. Ya mbele aliyekuwa nayo aliitoa, tundu lake kwenye foku (uma wa gurudumu la mbele) lipo.

Niko Dar, natoka Sinza Mori, nashika Shekilango, naingia Morogoro Road, Magomeni, Jangwani, napanda kilima cha kituo cha Fire hadi kazini Kisutu. Jioni njia ni hiyohiyo. Begi mgongoni lina laptopu, chakula na shati la kubadilisha. Naipenda hii baiskeli kupita kiasi. Kwenye foleni naenda taratibu sana bila kuweka mguu chini, na mwendo naupima kwa mapaja badala ya vidole. Sitaki kuiuza ninunue ya gia.

Shida ziko mbili. Nikishuka kutoka Magomeni kwenda Jangwani pedeli zinakimbia kuliko miguu yangu, mguu unachomoka. Na kupanda Fire asubuhi ni mzigo, nafika kazini nimelowa kama niliyepitiwa na mvua.

Nina shilingi 250,000. Duka moja Kariakoo wamenionyesha seti ya magurudumu ya rangi, usukani wa kupinda chini, siti nyembamba, na foku ya kaboni ambayo hata hivyo inazidi bajeti. Fundi wa mtaani kwetu anasema magurudumu kwanza. Nyie mngeanza na kipi?

Halafu jambo dogo: nikikaza miguu kupunguza mwendo nasikia "tak" moja huko nyuma. Nikikanyaga tena, "tak" nyingine. Nadhani ni cheni imelegea.

---

Roho_ya_Kinondoni

Mkuu fundi wako yuko sahihi. Uzito wa gurudumu unausikia kila unapoondoka kwenye taa. Chukua magurudumu mepesi, mengine yatafuata. Mimi nilibadilisha ya kwangu na baiskeli ikawa nyingine kabisa.

---

Fundi_Chumbageni

Mdogo wangu, hilo uliloliita jambo dogo ndilo kubwa. Usinunue hata nati kabla hujajua hiyo "tak" inatoka wapi.

Nieleze kwa nini. Kwenye baiskeli ya kawaida habu ya nyuma, yaani kitovu cha gurudumu, inasukumwa upande mmoja tu. Ukikanyaga inakaza, ukiacha kukanyaga frii inaachia, habu inapumzika. Kwenye fiksi habu haipumziki. Asubuhi unaisukuma mbele kupanda Fire, na dakika chache kabla ya hapo ulikuwa unaivuta nyuma kwa nguvu zote kushuka Jangwani. Na sproketi, ile gia ya nyuma, imeshikiliwa na nyuzi peke yake, imezungushiwa kwenye habu kama kizibo kwenye chupa. Ukikanyaga inajikaza. Ukivuta nyuma inataka kufunguka.

Kinachoizuia isifunguke ni loki ringi, ile nati bapa yenye mapengo pembeni inayokaa nje ya sproketi. Nyuzi zake ni za kinyume. Sproketi ikijaribu kufunguka inaiburuza loki ringi upande uleule, na kwa loki ringi upande huo ni wa kukaza. Kwa hiyo zinabanana. Huo ndio usalama wote wa fiksi ulipo, kwenye kipande cha chuma kinachotosha kwenye kiganja.

Sasa habu za bei ya chini zina hadithi mbili. Nyingine ni za fiksi kweli: upande wa sproketi una ngazi mbili za nyuzi, ya ndani pana kwa ajili ya sproketi, ya nje nyembamba kwa ajili ya loki ringi. Nyingine ni habu ya frii tu, ina ngazi moja, na mtu amefunga sproketi ya fiksi juu yake akaweka gundi ya nyuzi au nati ya mahali pengine. Inatembea vizuri tu, mpaka siku unayovuta nyuma kwa hofu. Sproketi inafunguka, cheni inazunguka bure, na miguu yako haina tena kazi yoyote kwenye gurudumu. Wewe huna breki ya mbele. Unanielewa ninachokiona mimi hapa.

Fanya hivi leo usiku. Chukua kalamu ya maka, chora mstari mmoja mwembamba unaoanzia kwenye sproketi, unapita juu ya loki ringi kama ipo, unaishia kwenye mwili wa habu. Uwe mstari mmoja ulionyooka. Kesho endesha mtaani kwenu, mahali pa tambarare pasipo na magari, kanyaga kwa nguvu kisha vuta nyuma kwa nguvu, rudia. Shuka utazame. Mstari ukiwa umenyooka bado, "tak" yako ni cheni au kranki (mikono ya pedeli). Mstari ukikatika, sproketi inacheza juu ya habu, na kila inapocheza inazitafuna nyuzi.

Cheni nayo itazame wakati huohuo. Geuza baiskeli miguu juu, zungusha kranki polepole huku ukibonyeza cheni katikati kwa kidole. Utaona kuna mahali inakaza na mahali inalegea, kwa sababu gia ya mbele haiko duara kamili. Pima mahali inapokaza zaidi: hapo bado icheze juu na chini kama sentimita 1. Ikizidi sana itaruka. Isipocheza kabisa inaziua beringi.

Nikirudi kwenye swali lako la fedha. Habu yako ikiwa na ngazi mbili na nyuzi zake ni nzima, usinunue magurudumu. Mwenzetu wa Kinondoni amesema kweli kuhusu uzito, lakini wewe unabeba begi na unapita kwenye mashimo, na gurudumu la fiksi lina heri moja ambayo wengi hawaijui: kwa kuwa nyuma kuna sproketi moja, habu inakaa katikati, na spoku za kulia na kushoto zinavutwa karibu sawa. Gurudumu la gia nyingi halina bahati hiyo, upande mmoja unabeba zaidi. Rimu ya kawaida iliyokazwa spoku vizuri kwenye habu kama hiyo itakutumikia miaka. Lipa fundi mwenye mkono mzuri aikaze na kuinyoosha, afungue habu, aoshe gololi, aweke grisi mpya. Hiyo ni fedha ndogo sana ukilinganisha na seti ya rangi.

Habu ikiwa ya frii tu, mazungumzo yanabadilika. Hapo fedha yako inakwenda kwenye gurudumu la nyuma peke yake. Uliza la fiksi, upana wa habu milimita 120, maana ndio upana wa kawaida wa fremu hizi. Pima yako kwanza kwa rula, ndani ya masikio ya fremu yanayoshika gurudumu hadi ndani.

Breki ya mbele haisubiri jibu la habu. Unapopunguza mwendo uzito mwingi unakuja mbele, gurudumu la nyuma linakuwa jepesi na kuserereka. Miguu yako na breki ya nyuma vinafanya kazi kwenye gurudumu lilelile. Huna breki mbili wewe, una njia mbili za kushika gurudumu moja. Ihamishe hiyo ya nyuma uipeleke mbele. Angalizo: boliti ya breki ya nyuma huwa fupi kuliko ya mbele, haitafika nyuma ya foku. Tafuta nati ndefu, ile inayozama ndani ya tundu la foku, inafungwa kwa ufunguo wa L. Na badilisha mipira ya breki, iliyokuwepo bila shaka imekauka.

Na mikanda ya pedeli. Huko kuchomoka mguu ndiyo dawa yake. Chukua ile mipana inayoshika mguu mzima, unaweza kupanda na viatu vyako vya kazini.

Tupe majibu ya mstari.

---

Nuru_Tegeta

Nakubaliana na fundi kuhusu breki, tena kwa mikono miwili. Ila niongeze upande mwingine maana mimi ni mama wa watoto na baiskeli yangu inabeba vitu.

Kaka, tazama upande wa pili wa habu yako, kushoto. Nyingi za aina hiyo zina nyuzi pande zote: fiksi huku, frii kule. Mimi naligeuza gurudumu. Siku za kawaida nipo kwenye frii, breki mbili, nashuka kilima miguu imetulia. Jumamosi asubuhi Bagamoyo Road ikiwa na nafasi naligeuza nakula fiksi. Spana namba 15 na dakika kumi tu. Ukiwa na upande huo, nunua frii ya kufunga hapo kabla ya siti nyembamba. Masika ikianza na Jangwani ikajaa matope utanikumbuka.

Lakini ukienda kwenye frii lazima breki ya nyuma irudi mahali pake, kwa hiyo usiihamishe. Nunua ya mbele mpya.

Kitu kingine ambacho hujaulizwa: tyubu zako zina pua ndefu? Rimu ya milimita 40 inahitaji pua ya 60 hivi, vinginevyo haitoki nje vya kutosha kushika pampu. Tyubu za pua fupi ziko kila duka, ndefu zinaadimika. Ukizikuta nunua mbili, moja ikae kwenye begi. Kusukuma baiskeli usiku kutoka Mwenge hadi Tegeta nimeshafanya, na pancha ilikuwa ndogo tu, fundi alikuwepo, gundi ilikuwepo. Kilichokosekana ni tyubu ya kuingia kwenye rimu.

---

KijanaWaMori

Fundi, Mungu akupe maisha marefu.

Nilichora mstari kwa maka nyeusi. Nikaenda barabara ya nyuma ya nyumba, nikakanyaga nikavuta, nikakanyaga nikavuta. Niliposhuka mstari ulikuwa umekatika. Kipande cha kwenye habu kiko palepale, cha kwenye sproketi kimesogea kiasi cha upana wa ukucha wa kidole kidogo. Nikiisukuma kwa mkono inakwenda na kurudi, na "tak" ni hiyohiyo.

Jana sikupanda, nilikwenda na basi la mwendokasi, gurudumu nikalibeba jioni kwa fundi mmoja Shekilango mwenye spana ya ndoano. Loki ringi ilikuwepo lakini imefunguka, aliizungusha kwa vidole. Mapengo yake yametafunwa, inaonekana mtu aliwahi kuifunga kwa patasi na nyundo. Sproketi ilitoka kwa urahisi mno. Chini yake kuna ngazi mbili, kama ulivyosema. Ngazi ya ndani uzi wa kwanza umelala kidogo, uliobaki ni mkali, nimeupitisha ukucha nikausikia. Ngazi ya nje nzima. Upande wa kushoto, dada Nuru, kuna nyuzi za frii hazijawahi kuguswa hata grisi yake ya kiwandani ipo.

Cheni nimeipima kwa rula. Sijui kama nimepima sawasawa: kutoka pini hadi pini, viungo 24, napata milimita 307.

Fundi wa Shekilango anasema loki ringi mpya ya chuma ipo, na kwa kuwa sproketi imeshatoka niamue kabisa: nirudishe 16 au niweke kubwa zaidi? Ana 17 na 18. Hapo ndipo nilipokwama.

---

Fundi_Chumbageni

Alhamdulillah. Uzi mmoja kulala si neno, sproketi inashikwa na zilizobaki. Ungeendelea nayo hivyo kwa muda habu ingekufa.

Cheni: viungo 24 vya nusu inchi ni inchi 12, yaani milimita 304.8 ikiwa mpya. Wewe uko 307. Ikizidi kwa milimita 1.5 ni ya kubadilisha, yako imepita hapo. Ukiweka sproketi mpya na cheni hiyo, cheni itaitengeneza sproketi ifanane nayo. Nunua mpya, ile pana ya moja kwa nane ya inchi. Na itazame gia ya mbele: meno yakiwa yamechongoka na kuinama upande mmoja, nayo iende. Lakini kabla hujaahidi fedha, angalia kama imefungwa kwa boliti au imegongewa moja kwa moja kwenye mkono wa kranki. Ikiwa imegongewa, kuibadilisha maana yake ni kununua kranki nzima.

Sasa meno. Chukua meno ya mbele gawanya kwa ya nyuma, zidisha na mzingo wa tairi, ambao kwa 700 ya 28 (nene kuliko 23 yako, na ndilo nakushauri uweke badala ya hilo lililolika) ni kama mita 2.14. Unapata mwendo wa mzunguko mmoja wa pedeli. Kwa 16 ni mita 6.1. Kwa 17 ni 5.8. Kwa 18 ni 5.5. Miguu ikizunguka mara 90 kwa dakika, 16 inakupa kilomita 33 kwa saa, 18 inakupa 29 na ushee. Niambie, kati ya Shekilango na Fire saa moja na nusu asubuhi, ni wapi unakwenda 33?

Kwa kupanda, 18 inakupunguzia karibu asilimia 11 ya nguvu kwenye kila mkanyago. Kwa begi lile utaisikia kuanzia siku ya kwanza.

Ila ujue gharama yake, nisikufiche. Ukishuka Jangwani kwa kilomita 40 kwa saa, na 16 miguu ilikuwa inazunguka kama mara 108 kwa dakika. Na 18 itazunguka 122. Kwa hiyo 18 bila breki ya mbele na mikanda ingezidisha ile shida yako ya kwanza. Ndiyo maana nilivitaja hivyo mapema. Ukiwa navyo, unashuka taratibu kwa breki na miguu inafuata.

Jambo la vipimo ambalo mafundi wengi hulikuta wakati tayari wamefunga: kila jino unaloongeza nyuma, kwa cheni ya urefu uleule, linavuta gurudumu mbele milimita 3 hivi. Meno mawili ni 6. Na tairi la 28 ni nene kuliko 23 kwa milimita 5, nalo linasogelea bomba la siti. Jumla 11. Pima sasa hivi nafasi kati ya tairi na bomba. Ikiwa ndogo, cheni mpya iache ndefu kwa viungo viwili zaidi, cha ndani na cha nje, gurudumu litarudi nyuma milimita 12 au 13. Mbele pitisha penseli kati ya tairi la sasa na foku, pembeni na juu. Ikipita bila kusugua, 28 itaingia.

Mimi nasema 18.

---

Kamau_wa_Ngong_Road

Mimi niko Nairobi na huku vilima si mchezo, kwa hivyo 18 naiunga mkono. Lakini wacha nitetee 17 kidogo, maana hakuna mtu ameitaja hesabu ya tairi.

Ukipenda kufunga miguu na kuserereza gurudumu la nyuma, tairi hulika mahali palepale kila mara, kwa sababu miguu hufungwa katika mkao uleule. Idadi ya mahali hapo hutokana na meno. Rahisisha sehemu ya mbele kwa nyuma uwezavyo, namba ya chini ndiyo jibu. 46 kwa 16 ni 23 kwa 8, mahali 8. 46 kwa 18 ni 23 kwa 9, mahali 9. 46 kwa 17 hairahisishiki, mahali 17. Jamaa mmoja tunayeendesha naye alikuwa na 48 kwa 16, ambayo ni 3 kwa 1. Mahali pamoja tu! Alimaliza tairi kabla ya mwezi kuisha, na kwingine kote lilikuwa jipya. Hata lako lililolika ningeliangalia, ndugu: limelika mviringo mzima ama ni mabaka?

Pia uliza urefu wa kranki. Kwa fiksi huwezi kusimamisha pedeli ukikata kona, kwa hivyo fupi ya 165 inakuokoa pedeli kugonga lami. Sio ya kununua leo, lakini siku ile utabadilisha, kumbuka.

---

KijanaWaMori

Kamau, ni mabaka kweli. Nimehesabu nikapata 8, na mawili kati ya hayo ndiyo yenye nyuzi zinazochungulia. Sikuwahi kujua kwa nini. Aliyekuwa nayo alipenda sana kuserereza, mimi sifanyi, na nikiwa na breki ya mbele sitakuwa na haja. Kwa hiyo nimechagua 18.

Nafasi ya tairi na bomba la siti ni milimita 24, inabaki 13. Mbele penseli imepita. Gia ya mbele imegongewa kwenye kranki, lakini meno yake bado yana mabega mawili sawa, fundi ameyaangalia naye amesema yapo salama. Kranki ni 170, nitaivumilia.

Dada Nuru, nimekusikiliza: breki ya nyuma inabaki, ya mbele nimenunua mpya, na nimepata tyubu mbili za pua ndefu. Frii nitaichukua mwezi ujao kabla ya masika.

Nilichonunua: loki ringi, sproketi 18, cheni, breki ya mbele na waya wake, mipira ya breki ya magurudumu yote mawili, mikanda, matairi mawili ya 28, tyubu. Na fundi kanyoosha magurudumu, kaosha gololi. Imebaki 31,000. Roho wa Kinondoni, magurudumu ya rangi yamesubiri, usinichukie.

Swali la mwisho. Usukani. Mikono inakufa ganzi nikifika Magomeni. Hiyo 31,000 niiongezee ninunue wa kupinda?

---

Roho_ya_Kinondoni

Hapana chuki mkuu. Nimesoma yote na mimi nimechora mstari kwenye yangu. Umenyooka, namshukuru Mungu.

---

Fundi_Chumbageni

Usukani usinunue bado. Ganzi mara nyingi inatokana na uzito kuegemea viganja, na uzito unaegemea viganja siti ikiwa imeinamia mbele au ikiwa juu mno kuliko usukani. Weka siti iwe sambamba na ardhi, tumia hata kipimo cha maji cha waashi. Endesha wiki. Ganzi ikibaki, nunua mpira mnene wa kushikia. Usukani wa kupinda chini utakuinamisha zaidi, na ukiwa na begi mgongoni utalia.

Na huo mfupi, ukitaka kuubadilisha siku moja, chukua mpana kidogo. Unaposimama kwenye pedeli kupanda Fire mikono ndiyo inayozuia baiskeli isiyumbe, na mikono iliyobanana haina nguvu hiyo. Lakini hilo ni baada ya frii.

Kuhusu kufunga sproketi, mwambie fundi nyuzi azipake grisi kwanza, zote mbili. Dar hewa ni ya chumvi, bila grisi siku ya kuifungua utahitaji bomba la mita moja. Sproketi aikaze kwa spana yenye kipande cha cheni, mpaka mwisho wa nguvu zake, ndipo loki ringi ifuate. Asitumie patasi. Umeona mwenyewe patasi ilifanya nini.

Ukishapanda Fire kwa mara ya kwanza, sproketi itajikaza zaidi kwa nguvu ya miguu yako, kuliko spana yoyote, na loki ringi itabaki nyuma kidogo. Hapo ndipo ilipolegea ya mwanzo, naamini. Kwa hiyo jioni ukifika nyumbani chukua spana ya ndoano, izungushe loki ringi kinyume cha saa mpaka isisogee tena. Kinyume cha saa, usisahau, upande wa kulia ndio wa kufungua. Rudia baada ya siku chache. Kisha chora mstari mpya.

---

KijanaWaMori

Nimepata spana ya ndoano eneo la Gerezani, imebaki 19,000. Siti nimeisawazisha. Kesho asubuhi napanda nayo, jioni nitaikaza.